Kichwa Hakijajaa: Somo Kuhusu Umakini na Kumbukumbu Tendaji



Ndugu msomaji, katika darasa letu la kujisomea la kila Jumamosi kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko mengine yote: "Kichwa changu hakishiki." Anayeyasema huyasema kama mtu anayetaja kimo chake, jambo aliloumbwa nalo na lisilobadilika. Wengine hufika mbali zaidi, wakaanza kuulizia utaratibu wa kuhama kitivo, na wapo wanaofikiria kuacha chuo kabisa. Mimi nasoma saikolojia, na mwaka huu sehemu kubwa ya masomo yangu imehusu swali hilohilo: kichwa hushikaje jambo, na kwa nini jambo huponyoka? Naandika somo hili ili kila mmoja wetu apate kupima kabla ya kujihukumu.

Katika somo hili nataka kuonyesha jambo moja. Mtu anaposhindwa kushika anachokisoma, mara nyingi tatizo si udogo wa chumba cha kumbukumbu. Tatizo liko mlangoni: kimeingizwa nini, na nani anaulinda mlango. Mlinzi huyo ndiye tunayemwita umakini.

1. Kumbukumbu tendaji ni nini?

Fanya hesabu hii bila kalamu: 27 mara 6. Wengi wetu tutaanza na 20 mara 6, tupate 120. Kisha 7 mara 6, tupate 42. Halafu tunajumlisha na kupata 162. Sasa jiulize: wakati ulipokuwa ukitafuta 42, ile 120 ilikuwa wapi? Hukuiandika popote. Kesho hutaikumbuka. Lakini kwa sekunde chache ilikuwa imeshikwa mahali fulani, ikisubiri kutumiwa. Mahali hapo ndipo wataalamu wanapopaita kumbukumbu tendaji: uwezo wa kushika jambo kwa muda mfupi huku ukilifanyia kazi.

Hii ni tofauti na kumbukumbu ya kudumu, ile iliyohifadhi jina la mtaa uliozaliwa, sura ya bibi yako, au Suratul Fatiha. Kumbukumbu tendaji ni kama meza ya fundi: juu yake vinakaa vifaa vinavyotumika sasa hivi tu. Unapomsikiliza mhadhiri akisema sentensi ndefu, mwanzo wa sentensi unakaa juu ya meza hiyo mpaka mwisho wake ufike. Unaposwali na ukajua kwamba hii ni rakaa ya tatu, hesabu hiyo iko juu ya meza hiyo. Na unaposimama ukajiuliza, "Hii ni ya tatu au ya nne?", meza imefutika. Fiqhi ina mlango mzima wa sijda ya kusahau, kwa kuwa jambo hili humpata kila binadamu, mjuzi na asiye mjuzi.

Maelezo yaliyotumika zaidi ya kumbukumbu hii yalitolewa mwaka 1974 na Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch. Walisema meza ina sehemu tatu. Moja inashika sauti: ni ile sauti ya ndani inayorudiarudia namba ya simu mpaka uiandike. Ya pili inashika picha na mahali: ndiyo inayokuonyesha mchoro wa moyo baada ya kufunga kitabu. Ya tatu haishiki kitu, ni msimamizi. Kazi yake ni kuamua nini kipewe nafasi, nini kiondolewe, na lini tuhame kutoka jambo hili kwenda lile. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, inayounganisha sauti, picha na yale tuliyokwisha kuyajua kuwa tukio moja. Katika somo letu anayetuhusu zaidi ni yule msimamizi.

2. Meza ina nafasi ngapi?

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alionyesha kwamba binadamu akisomewa orodha ya vitu mara moja, hushika takriban 7, akipungua au akizidi kwa 2. Mwaka 2001 mtafiti mwingine, Nelson Cowan, alipitia majaribio mengi na kuonyesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie kimoyomoyo wala asiunganishe vitu, nafasi halisi hubaki kama 4 tu. Nne! Hiyo ndiyo meza ya profesa, na ndiyo meza ya mwanafunzi. Watu hutofautiana, lakini hakuna aliyepewa meza ya vitu hamsini.

Tunaishije basi na nafasi nne? Kwa kufunga vitu katika mafungu. Namba ya simu ya hapa kwetu Burundi ina tarakimu 8. Ukiishika tarakimu mojamoja, meza imejaa kabla hujafika mwisho. Ukiigawa katika mafungu manne ya tarakimu mbilimbili, inaenea. Miller mwenyewe alisisitiza jambo hili: kinachohesabiwa mezani ni fungu, hata kama ndani yake mna vitu vingi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Baddeley na wenzake waligundua mwaka 1975 kwamba sehemu ya sauti hushika takriban maneno unayoweza kuyatamka ndani ya sekunde mbili. Maneno marefu yanakula nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1980 watafiti wawili, Ellis na Hennelly, waliwapima watu wa Wales wanaojua Kiwelshi na Kiingereza sawasawa. Watu walewale walishika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, kwa sababu majina ya namba za Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Akili zao hazikubadilika walipobadilisha lugha. Kilichobadilika ni mzigo. Sisi tunaosikiliza mhadhara kwa Kifaransa, tukafikiri kwa Kirundi na kuelezana kwa Kiswahili, tulikumbuke jambo hilo.

Tena meza hii hufutika upesi. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson wa Marekani waliwapa watu herufi tatu tu wazishike, halafu wakawaambia wahesabu kurudi nyuma kwa tatutatu: 506, 503, 500, na kuendelea. Baada ya sekunde 18 ni takriban mara moja tu katika kumi ndipo herufi zilipokumbukwa sawasawa. Herufi tatu! Kilichoziondoa ni kwamba msimamizi alipewa kazi nyingine. Tulilifanya zoezi hili darasani Jumamosi moja, na ndugu zetu wa uhandisi ndio waliocheka kwa sauti zaidi kabla ya zoezi, na ndio walionyamaza zaidi baada yake.

3. Mtu aliyebakiwa na meza bila ghala

Kuna Mmarekani mmoja ambaye kila mwanafunzi wa saikolojia anamjua, Henry Molaison, aliyefariki mwaka 2008. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa herufi H.M. peke yake. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimpasua ili kumtibu kifafa kikali, akaondoa sehemu za ndani za ubongo wake pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya kudumu ya matukio ya maisha yake. Mtafiti Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka mingi, na Henry alimpokea kila mara kama mgeni.

Hata hivyo meza yake ilikuwa nzima. Milner alieleza kwamba siku moja alimpa Henry namba 584 aishike. Baada ya robo saa Henry bado alikuwa nayo. Alipoulizwa aliwezaje, alieleza njia ndefu ya kujumlisha na kugawa tarakimu zile ambayo alikuwa akiirudia muda wote huo bila kuiachia. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye jambo lingine. Dakika moja au zaidi kidogo baadaye namba ilikuwa imepotea, njia ya kuikumbuka imepotea, na Henry hakujua hata kwamba aliwahi kupewa namba yoyote.

Tuzingatie funzo hili. Namba ile ilikaa kwa muda uleule ambao umakini ulikaa juu yake. Umakini ulipoondoka, hapakuwa na kitu kingine cha kuishikilia. Wewe na mimi tuna ghala nyuma ya meza, shukrani ni za Allah. Lakini kinachofika ghalani kwa njia ya kujisomea hupita kwanza mezani, na mezani kinakaa kwa hisani ya umakini.

4. Ubongo unafanya nini wakati huo?

Miaka ya 1930, Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale alionyesha kwamba nyani walioumizwa sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, walishindwa kazi nyepesi: kuona chakula kikifichwa mahali fulani, kusubiri kidogo, kisha kukichukua. Waliona vizuri na mikono ilikuwa mizima. Walichoshindwa ni kuvuka ule muda wa kusubiri.

Mwaka 1971 Joaquín Fuster na Garrett Alexander waliingiza nyuzi nyembamba za kupimia umeme katika sehemu hiyo ya ubongo wa nyani na kusikiliza seli mojamoja. Zilikuwepo seli zilizoendelea kutoa ishara muda wote wa kusubiri, chakula kikiwa hakionekani tena. Mwaka 1989 Shintaro Funahashi, Charles Bruce na Patricia Goldman-Rakic wakaonyesha zaidi: kuna seli zinazoshika upande wa kulia, nyingine juu, nyingine kushoto. Na ishara ilipokatika kabla ya muda wa kujibu, nyani alielekea kukosea.

Kwa binadamu hatuingizi nyuzi ovyo. Tunaweka elektrodi juu ya ngozi ya kichwa na kupima mawimbi madogo ya umeme, njia iliyotangazwa na daktari Mjerumani Hans Berger mwaka 1929. Mwaka 2004 Edward Vogel na Maro Machizawa, wakiwa Chuo Kikuu cha Oregon, waliwaonyesha watu vimraba vya rangi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha wakawaomba wazishike rangi za upande mmoja tu kwa kama sekunde moja. Nyuma ya kichwa, upande ulio kinyume na vimraba vile, lilitokea wimbi. Kwa kitu kimoja wimbi lilikuwa dogo. Kwa viwili likakua. Kwa vitatu likakua tena. Likifika kama vinne, likagota. Hata ukiweka vinane, haliongezeki. Hapo ndipo nafasi zilipoonekana kwa macho, zimechorwa kwa umeme wa ubongo wenyewe.

Mwaka 2005 Vogel, Machizawa na Andrew McCollough wakauliza swali ninaloliona kuwa ndilo kiini cha somo letu. Waliwaonyesha watu vipande vyekundu viwili na vya buluu viwili, wakawaambia: shikeni vyekundu tu, vya buluu viacheni. Kwa watu waliokuwa na uwezo mkubwa wa kushika, wimbi lilikuwa la vitu viwili. Walishika walichoambiwa washike. Kwa watu waliokuwa na uwezo mdogo, wimbi lilikuwa karibu na la vitu vinne. Maana yake nini? Wale tuliodhani wameshika kidogo walikuwa wamepakia vingi zaidi! Mezani mwao mlikuwa na vyekundu na vya buluu pamoja. Nafasi zilikuwa zimekaliwa na visivyohitajika.

Soma tena aya hiyo, ndugu yangu, hasa wewe uliyezoea kusema kichwa chako hakishiki. Huenda kinashika sana, ila kimeshika vya buluu.

Tafiti zilizofuata zimesogeza jambo hili mbele zaidi. Mwaka 2012 Jarrod Lewis-Peacock, Bradley Postle na wenzao waliwapa watu vitu viwili wavishike, kisha wakawaashiria kipi kitaulizwa kwanza. Wakitumia mashine ya MRI, waliona alama za kile kilichoangaliwa kwa umakini zikiendelea katika ubongo, na alama za kile kingine zikizama mpaka kama hakipo. Lakini hakikuwa kimepotea: walipoambiwa, "Sasa ni zamu ya kile cha pili," alama zake zilirudi na watu wakajibu sawa. Mwaka 2016 Nathan Rose, Postle na wenzao waliweza hata kukiamsha kidogo kile kilichozama kwa kupiga mshindo wa sumaku juu ya kichwa, mradi kilikuwa bado kitahitajika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shughuli ya ubongo tuliyokuwa tukiiita kumbukumbu inaonekana kuwa ni umakini wenyewe ukimulika kitu. Kinapomulikwa, kinawaka. Kisipomulikwa, kinasubiri gizani kwa muda, na kikikosa kuitwa kinafifia.

5. Ni nini huingia bila kubisha hodi?

Dada yetu mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesomea udaktari, alikuja darasani akiwa na barua ya kuomba kuhama kitivo, imekwisha kuandikwa, bado saini tu. Alisema anasoma saa sita kwa siku na hakuna kinachobaki. Nilimwomba anieleze hizo saa sita zilivyo. Anakaa chumba kimoja na wenzake watatu. Simu imelala juu ya daftari, kwa kuwa ndani yake mna kamusi, na ndani yake pia mna kundi la darasa, kundi la jumuiya na kundi la ukoo. Shule ya msingi alisomea Kigoma kwa Kiswahili, kwa hiyo kila sentensi ya Kifaransa anaigeuza kwanza kichwani. Na nyuma ya yote hayo kuna hesabu ya ada, kwa sababu baba yake ameuza kiwanja ili yeye asome.

Tukahesabu pamoja. Katika sentensi moja kuhusu mishipa ya moyo, mezani mna neno jipya, tafsiri yake, sauti za wenzake, ujumbe anaoutarajia, na kiwanja cha baba. Vitu vitano kwenye meza ya nafasi nne, na moyo wenyewe haujaingia!

Tuvitazame kimojakimoja.

Simu. Mwaka 2015 Cary Stothart na wenzake wa Florida walichapisha jaribio ambalo watu walifanya kazi ya kuhitaji umakini huku simu zao zikipokea ishara. Hawakuigusa simu, hawakusoma ujumbe. Hata hivyo makosa yaliongezeka. Mlio peke yake ulitosha kuingiza swali mezani: nani huyo?

Kuhamahama. Mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi moja haijakamilika akaenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kule alikotoka. Aliliita jambo hili mabaki ya umakini. Anayesoma dakika tano, akajibu ujumbe, akarudi kusoma, anarudi na mabaki.

Wasiwasi. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya hesabu hupunguza nafasi za kumbukumbu tendaji wakati ule ule mtu anapokokotoa. Hofu haikai moyoni tu; nayo inaketi mezani na kuchukua kiti. Ndiyo maana mtu anayejiambia mfululizo, "Mimi sishiki, mimi sishiki," anakuwa amempa mgeni mwingine nafasi.

Lugha. Hili tumeshaliona kwa watu wa Wales. John Sweller wa Australia, tangu mwaka 1988, amejenga nadharia nzima juu ya jambo hili: somo linapowasilishwa kwa namna inayojaza meza kwa mambo ya pembeni, mwanafunzi anakosa nafasi ya kujifunza somo lenyewe, hata awe hodari namna gani.

6. Je, meza inaweza kupanuliwa?

Swali hili huulizwa kila mara, na wapo wanaouza jibu. Kuna michezo ya simu inayodai kuongeza nguvu ya akili. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya mazoezi hayo na kukuta kwamba mtu anakuwa bora katika mchezo anaoucheza, lakini faida haivuki kwenda kwenye kusoma, hesabu au masomo mengine. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya michezo hiyo nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya serikali kuhusu matangazo yake. Ndugu, tunza fedha yako.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aliyeelezwa na Anders Ericsson na wenzake mwaka 1980. Alianza akiwa anashika tarakimu 7 kama watu wengine. Baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 200 alifika karibu 80. Meza ilipanuka? Hapana. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye 6. Kumbe alikuwa mkimbiaji, na tarakimu alizigeuza kuwa muda wa mbio: 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2 kwa maili moja. Tarakimu nne zikawa fungu moja, kwa sababu ghalani mwake mlikuwa na maana ya kuzifunga.

Ndugu zetu waliohifadhi Qur'ani wanalijua hili bila kufundishwa. Kwanza herufi huwa neno, neno likawa sehemu ya aya, aya ikaunganishwa na inayofuata, mpaka mwanzo wa ukurasa ukavuta ukurasa mzima. Na wanajua hatari iko wapi: kwenye aya zinazofanana, ambapo umakini ukiteleza kidogo ulimi unahamia sura nyingine. Hawakupewa meza kubwa kuliko yetu. Wamefunga mafungu kwa miaka, na wanalinda mlango kila siku.

7. Tufanye nini?

Sitatoa orodha ndefu, kwa kuwa mmeshajua orodha ndefu hufanywa nini na meza.

Kwanza, hamisha vitu kutoka mezani kwenda kwenye karatasi. Unapokokotoa, andika hatua za kati. Jambo ulilokumbuka katikati ya kusoma, kama deni au ahadi, liandike pembeni na uendelee. Karatasi haina nafasi nne tu.

Pili, simu ikae chumba kingine au mikononi mwa mtu unayemwamini. Ukihitaji kamusi, kusanya maneno usiyoyajua kumi kwa pamoja, uyatafute kwa mara moja, kisha uirudishe.

Tatu, tenganisha lugha na somo. Kabla ya kusoma sura ya kitabu, pitia istilahi zake na uzijue kwa Kiswahili au Kirundi. Ukiingia kwenye sura yenyewe, tafsiri iwe imekwisha kufanyika. Hii ndiyo njia iliyomfaa zaidi dada yetu niliyemtaja.

Nne, unapokatiza kazi, andika mstari mmoja: nimefika wapi, na nitaanza na nini nikirudi. Leroy na Theresa Glomb walichapisha mwaka 2018 kwamba mpango mfupi wa namna hiyo hupunguza yale mabaki ya umakini. Sisi tuna nafasi nzuri ya kulifanya hili kila siku. Adhana inapoadhiniwa ukiwa katikati ya swali la hesabu, andika mstari wako kisha inuka. Swali likae kwenye daftari, lisikufuate mpaka kwenye rakaa.

Tano, funga kitabu ujiulize. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kitabu. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja waliojipima walikuwa mbele kwa tofauti iliyo wazi. Kusoma tena hukupa hisia ya kujua. Kujiuliza hukuonyesha kama unajua.

Na kama ni wasiwasi wa mtihani, Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Hofu iliyoandikwa huacha kiti.

Sisemi kwamba watu wote wako sawa. Uwezo hutofautiana, na hakuna mbinu inayogeuza saa moja kuwa kumi. Dada yetu barua bado anayo. Amekubali kuamua baada ya mitihani ya muhula, akiwa amesoma kwa meza iliyosafishwa, na hapo uamuzi wowote atakaoufanya utakuwa wa haki kwa nafsi yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo haki ambayo kila mmoja wetu anaidai nafsi yake: usijihukumu kwa uwezo wa kichwa ambacho hujawahi kukipa nafasi ya kufanya jambo moja.

Maswali ya kujipima (funga gazeti kwanza)

1. Kumbukumbu tendaji inatofautianaje na kumbukumbu ya kudumu? Toa mfano wako mwenyewe, si wa 27 mara 6.

2. Kwa nini Henry Molaison aliishika 584 kwa robo saa, kisha akaipoteza kwa muda mfupi sana?

3. Katika jaribio la mwaka 2005, wimbi la watu wenye uwezo mdogo lilionyesha nini ambacho hakikutarajiwa?

4. Orodhesha vitu vilivyokuwa mezani kwako ulipokuwa ukisoma makala hii. Vingapi vilikuwa vyekundu, na vingapi vya buluu?

Majibu ya swali la nne tutayajadili darasani Jumamosi ijayo baada ya swala ya Adhuhuri. Njooni na karatasi, simu ziacheni nje.

Wabillahi tawfiq.